Kitambaa Nyuma ya Kiti

Mama Kioo hakumwamini mtu anayeleta gari safi kuoshwa. Gari chafu halina maneno: limepita kwenye tope, linataka maji, basi. Lakini mtu akikuletea gari ambalo hata kunguru angeona haya kutua juu yake, halafu akasimama pembeni anachezea funguo, hapo pana namna. Ndivyo alivyosema miaka nenda, miaka rudi, na ndivyo alivyosema asubuhi ile daktari wa meno alipokiingiza kigari chake ndani ya banda la polishi.

Nasema kigari, na msidhani nakitukana. Kilikuwa kifupi, mtu mzima akitaka kuingia lazima akunje magoti, ainamishe kichwa, kisha ajidondoshe na kumwachia Mungu. Viti viwili tu. Bodi yake haikuwa bati. Ilikuwa faiba nyembamba, ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama beseni la plastiki. Waliokitengeneza walitaka kiwe chepesi kipate kukimbia, basi wakakinyima kila kitu: zulia hakuna, redio hakuna, mlango unaunyanyua kwa mkono mmoja. Hata rangi walikibania. Kijani kilichoiva, kizuri jamani, lakini chembamba mno, na fundi asiye na subira angeweza kukimaliza kwa mashine kabla hajapiga chafya. Mji mzima hakukuwa na kingine kama hicho. Askari wa barabarani walikuwa wakikisimamisha ili wakitazame tu.

"Nani kakuelekeza kwangu, daktari?" Mama Kioo akauliza.

Daktari akaangalia paa. "Watu tu."

"Watu gani hao wasio na majina?"

"Watu wanaoijua kazi, mama. Nina maonyesho ya magari mwisho wa wiki. Nataka king'ae, na kile kikovu cha mlangoni kiondoke. Wengine wamekiogopa."

Watu tu! Machale yakamcheza pale pale. Alipokea funguo kwa ncha za vidole, na daktari alipotoka alimsindikiza kwa jicho mpaka alipokata kona.

Sasa mumjue huyu mama. Jina la Kioo alipewa na madereva, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kusimama mbele ya mlango ukafunga kilemba. Mumewe alipofariki alianza na ndoo na sabuni kando ya barabara, akapata mashine ya polishi, mwisho akapata banda lenye paa la plastiki linaloingiza mwanga. Kabla ya kugusa gari alivua pete akaitundika kwenye msumari, akavaa aproni isiyo na kifungo hata kimoja, akamwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Mambo hayo hakuyaruka hata akiwa na homa.

Lakini kazi ilimla. Mavumbi ya polishi na madawa ya kuondoa lami yalimpukuta vidole mpaka ncha zikawa laini kabisa, hazina mstari hata wa dawa. Siku alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ya alama za vidole ilimkana. Kijana wa kaunta akamwambia afute mikono, akafuta. Akamwambia akanawe, akanawa. Mwisho akamuuliza, "Mama, hivi una vidole kweli?" Foleni nzima ikaangua kicheko, naye Mama Kioo akacheka nao, akataniana nao, akaaga vizuri. Alipofika nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda akalia kama mtu aliyefiwa. Siku hiyo ndipo alipoapa kwamba mwanawe wa mwisho, Kitinda, hatashika kitambaa cha kufutia gari la mtu. Mkono wa mwanangu utashika kalamu, alisema, na aliyekuwa karibu alijua hana mzaha.

Na kwa kuwa vidole havikumwambia tena kitu, rangi aliikagua kwa shavu. Alilaza uso juu ya boneti, akafumba macho, akausogeza polepole akisikiliza chembe za mchanga. Wapita njia walidhani anasali, wengine walidhani amelala kazini.

Basi Kitinda alisoma, akamaliza, akapata kazi ya mapokezi katika kampuni ya bima. Mama Kioo alimtangaza mpaka kwa muuza mkaa. "Mwanangu yuko bima," alisema hata pale alipoulizwa habari za hali ya hewa.

Turudi kwenye kigari. Alikiosha, akakikausha, akaanza kubandika tepu ya karatasi kwenye mipira na pembeni mwa taa, polishi isije ikaingia. Kila alipokata tepu alikunja ncha yake mara mbili, ikawa kijisikio cha kushikia. Mafundi wengine huikata wakaibandika ikaisha habari, wakati wa kuibandua wanachokonoa kwa kucha. Yeye kucha kwenye rangi hakutaka kuziona. Alipomaliza, akaingia ndani kusafisha, akasogeza kiti cha abiria, akapitisha mkono nyuma yake.

Akatoa kitambaa.

Hapa lazima niseme kwamba Mama Kioo alikuwa na sheria yake: kinachookotwa ndani ya gari kinatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kurudishwa kwa mwenyewe bila swali. Ameokota hereni zisizo za mke wa mtu, ameokota meno ya bandia, ameokota kiatu kimoja cha kike ambacho mpaka leo hakijaelezeka. Mdomo wake ulikuwa na kufuli. Lakini kitambaa hiki kilikuwa cha pamba, maua madogo ya zambarau yaliyofifia, na pembe moja imekatwa. Ilikuwa ile gauni ya kulalia ya Kitinda alipokuwa shule, ambayo Mama Kioo aliichanachana mwenyewe kwa mkasi wake. Pembe aliikata yeye, kama anavyokata vitambaa vyake vyote vya rangi visije vikachanganywa na vya matairi. Vingine vya aina hiyo vilikuwa nyumbani, ndani ya kikapu, na kila asubuhi Kitinda alichukua kimoja akatia kwenye mkoba. "Cha kufutia viatu vya ofisini, Mama," alisema.

Akakinusa. Kilinukia yale mafuta ya mikono ya Kitinda.

"Una nini? Umeona nyoka?" Huyo alikuwa mdogo wake wa kike, fundi wa viti vya magari, aliyekaa na cherehani yake kwenye pembe ya banda hilo hilo. Kazi ya mikono aliiweza, ila mdomo haukujua mapumziko.

Mama Kioo akamwonyesha kitambaa. Mdogo wake akakitambua, akaacha kukanyaga cherehani.

"Loo! Si gauni ya Kitinda hii? Imefikaje humu?"

"Ndilo ninalojiuliza."

"Dada, hili gari lina viti viwili. Kimoja cha mwenye gari." Akanyamaza kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu. "Hesabu mwenyewe."

"Nyamaza wewe."

"Nimenyamaza. Lakini daktari kaoa?"

Mama Kioo akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni. Kichwani mambo yalikuwa yakijipanga yenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na sura mbaya kuliko lililotangulia. Tangu lini Kitinda akirudi kazini anakimbilia bafuni kabla ya kusalimia? Siku hizi shikamoo yake ilitokea bafuni, imelowa. Tangu lini anajipaka mafuta mikononi asubuhi, jioni na katikati? Nguo za mikono mirefu, jua linachoma, eti kiyoyozi cha ofisini ni baridi. Na ile simu! Zamani aliifungua kwa kugusa kidole tu, popote, mbele ya yeyote. Sasa anageuka ubavu, anabonyeza namba ya siri haraka haraka. Mtu aliyekuwa akifungua simu kwa kidole akianza kuweka namba, ana kitu anachokificha. Si bure.

Alasiri daktari akapita kuona kazi ilipofika. Mama Kioo alikuwa amejipanga.

"Daktari, hili gari huwa unampakia nani?"

"Simpakii mtu. Mke wangu analiogopa, anasema linamvunja kiuno."

Kumbe ana mke! Cherehani kwenye pembe ikasimama kimya.

"Mtu hajawahi kukaa kiti hiki cha pili?"

"Labda aliyekuwa akilisafisha." Daktari akajikohoza, akaanza kutazama saa. "Mama, kwani kuna tatizo?"

"Aliyekuwa akilisafisha ni nani?"

"Niliahidi nisiseme."

"Ulimwahidi nani?"

"Hilo nalo ni sehemu ya ahadi," daktari akasema, akacheka peke yake, akaondoka kwa miguu kama anafukuzwa. Jamani, mwanamume mzima, anang'oa meno ya watu, anamkimbia mama mwenye sponji! Mama Kioo aliona hapo kesi imekwisha.

Jioni ile alifika nyumbani mapema, akakiweka kitambaa katikati ya meza, akakinyoosha maua yaonekane, akaketi. Kitinda akaingia, akapita mbio kuelekea bafuni. Maji yakamwagika kwa muda mrefu.

"Shikamoo Mama."

"Ukimaliza kuoga njoo unisalimie huku nakuona."

Akaja, mikono mirefu imemfunika mpaka kwenye vifundo. Akakiona kitambaa. Mama Kioo alikuwa akimtazama usoni bila kupepesa, na aliona kile alichokuwa akikiogopa: mtoto alistuka.

"Hiki kimefikaje kwenye gari la daktari wa meno?"

Kitinda akavuta mikono ya nguo mpaka ikafunika vidole.

"Nakuuliza, Kitinda. Umewahi kukaa kwenye lile gari, hujawahi?"

"Nimewahi."

"Na mkewe anajua?"

Kitinda akakitazama kitambaa. Halafu macho yakamjaa maji, na sauti yake ikatoka ndogo. "Mama, si hivyo unavyofikiri."

"Basi nifikirishe wewe!"

"Siwezi kukuambia."

Hapo Mama Kioo akapandwa. Alisema mambo ambayo mzazi huyasema mara moja akayajutia maisha yake yote. Alisema hakumlea ili awe pambo la kiti cha pili. Alisema vidole vyake vimeisha kwa ajili ya mtu asiye na haya. Alimwambia amuonyeshe hiyo simu kama hana analoficha, aifungue hapo hapo mezani, na Kitinda akaikumbatia kifuani akatikisa kichwa.

"Basi nenda ulale huko unakopakiwa," Mama Kioo akasema.

Kitinda akachukua mkoba wake, akatoka. Hakwenda kwa mwanamume yeyote. Alikwenda mtaa wa nyuma, kwa mama yake mdogo, yule wa cherehani, akafunguliwa mlango na kupewa kitanda. Mama Kioo aliletewa habari hizo mapema tu na jirani, na hata hivyo hakulala vizuri.

Asubuhi alifika bandani amevimba macho. Mdogo wake hakuwepo, cherehani imefunikwa shuka. Afadhali, maana hakutaka maneno. Akavua pete, akaitundika, akamwagia sakafu maji, akafungua mfuniko wa mbele wa kigari ili afute kingo zake za ndani, mahali ambapo wafutaji wavivu hawafiki.

Pembeni kabisa, chini ya mpira, kulikuwa na kipande cha tepu kilichosahauliwa. Yake ilikuwa ya njano. Hii ilikuwa ya buluu, imekauka, ina madoa meupe ya polishi ambayo yeye haitumii. Akataka kuivuta aitupe. Mkono ukakutana na kijisikio.

Kilikuwa kimekunjwa mara mbili.

Alisimama vile vile, ameinama, mfuniko umemkaa mgongoni. Kukunja mara moja, fundi mwingine anaweza kuotea. Kukunja mara mbili ni lazima uwe umeambiwa kwamba mara moja hufunguka ikipata maji. Na aliyeambiwa hayo alikuwa mtoto mmoja tu, enzi za kando ya barabara, alipokuwa hana wa kumwachia akawa anamkalisha juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mtoto yule alilipenda zoezi hilo kama mchezo, anakunja, anapanga tepu kwenye ukingo wa ndoo, anahesabu sungura wake, maana kila kipande kilikuwa na masikio.

"Mungu wangu," akasema Mama Kioo kwa sauti.

Akaufunga mfuniko taratibu, akawasha taa ya mkononi, akaimulika rangi kwa ubavu. Sasa ndipo aliitazama vizuri; jana hasira ilikuwa imemziba. Hapakuwa na mikwaruzo ya duara kama ya mafundi wenye haraka. Kingo, mahali rangi inapokuwa nyembamba kuliko kote, mtu alizipita kwa mkono bila mashine. Karibu na kikovu cha mlangoni mtu huyo alikuwa ameanza, akaona hatari, akaacha. Ilikuwa kazi safi. Mama Kioo aliiona fahari ikimpanda kifuani, na nyuma yake woga mkubwa.

Daktari alipofika, hakumpa nafasi hata ya kusalimia.

"Anayelisafisha gari lako ni msichana mrefu, ana mwanya?"

Daktari akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mimi sijasema kitu, mama, umesema wewe. Yuko kwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta. Ni bingwa yule. Lakini kikovu alikikataa. Alisema mwenye kukiweza ni mtu mmoja tu mji huu, akanielekeza hapa, akaniapisha nisimtaje. Alidai ukijua utaumia."

"Ofisi ya bima je?"

"Bima? Aliniambia alikaa kidogo huko, wakapunguza watu. Siku nyingi."

"Anavaa glavu?" Mama Kioo akauliza.

"Mwanzoni alivaa. Siku hizi hataki. Anasema zinamzuia kuisikia rangi."

Mama Kioo akakaa kwenye ndoo. Maneno hayo yalikuwa yake. Alikuwa akiwajibu hivyo hivyo wote waliomshauri avae glavu, kwa kiburi hicho hicho, wakati vidole vyake vikiisha.

"Gari lako litangoja, daktari," akasema, akavua aproni. Pete aliiacha kwenye msumari.

Nyumbani kwa mdogo wake mlango ulikuwa wazi. Mdogo wake alipomwona alitaka kuanza, akamtazama usoni, akaingia jikoni. Kitinda alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono ameifungia kwenye kwapa, macho yamevimba kama ya mama yake.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akaketi karibu yake. Akatoa mfukoni kile kipande cha tepu ya buluu, akakiweka juu ya goti la binti yake. Kitinda akakitazama kijisikio, akainama, mabega yakaanza kutikisika.

"Waliponipunguza kazi nilishindwa kukuambia, Mama. Ulikuwa umeshawatangazia watu wote. Na nilichokuwa nakijua kingine ni hiki tu."

"Jana nimekutukana."

"Uliniuliza kama nimekaa kwenye gari. Nilikaa, nilikuwa nafuta dashibodi."

Mama Kioo alitaka kucheka, na kilio kikamzuia. "Nisamehe, mwanangu. Mimi ni mjinga."

"Usiseme hivyo, Mama."

Jikoni mtu aliangusha kifuniko cha sufuria, ikajulikana alikuwa ametega sikio. Halafu simu ya Kitinda ikalia, ujumbe umeingia, naye kwa mazoea akageuka ubavu abonyeze namba. Mama Kioo akamshika mkono.

"Weka kidole," akamwambia polepole.

"Mama..."

"Weka kidole kama zamani."

Kitinda akaweka kidole gumba. Simu ikatikisika, ikakataa. Akakifuta kwenye gauni, akaweka tena. Ikakataa. Akajaribu cha shahada, ikakataa.

"Hakisomi, Mama," akasema. "Siku hizi hakuna hata kimoja kinachosomeka."

Mama Kioo akakichukua kile kidole, akakipapasa kwa vidole vyake, lakini vidole vyake havikumwambia kitu. Basi akafumba macho, akakilaza shavuni, akakisogeza polepole, akitafuta mstari.